Asiguswe Mpaka Idi

Ipoh,
Jumapili, 4 Agosti 2024

Kwa Mama yangu, Som binti Awang,
Kampung Gelam Tiga, Tumpat.

Mama mpenzi,

Assalamu alaikum. Kabla ya neno lolote naupokea mkono wako wa kulia na kuubusu, ingawa leo naubusu kwa karatasi. Natumai barua hii itakukuta mzima, umeketi kwenye ngazi ya jikoni ukichambua majani kama kawaida yako. Je, presha imeshuka? Ile dawa ya asubuhi unaimeza, au bado unaiacha kwenye kisosi mpaka sisimizi waizunguke? Na paka wa marehemu Baba yu hai bado, au uzee umemzidi? Mimi na mkwe wako Rahmat tu wazima. Mvua hapa ni za kila alasiri, nguo hazikauki, lakini hatulalamiki.

Utashangaa kupata barua, tena ya herufi za Kiarabu, wakati mimi hupiga simu kila Ijumaa. Mama, simu yako huwekwa mezani ikiwa imefunguliwa sauti, na kila aliyepo jikoni hujibu kabla yako. Ijumaa iliyopita nilikuuliza kama umekula. Aliyenijibu ni jirani yetu Kak Yam. Alisema umekula wali na samaki wa kuchoma, kwamba mimi sauti yangu imenenepa, na kwamba bega lake mwenyewe limekuwa kama bawaba yenye kutu, mwezi wa pili sasa hawezi kuinua mkono kuanika nguo, na wewe unamtazama tu. Nilikusikia kwa mbali ukimwambia aende hospitali. Basi mambo ya barua hii hayasemeki kwenye simu ya namna hiyo. Nimeyaandika kwa herufi za chuo cha Kurani kwa sababu zile za shule huzisomi, na ungempa mdogo wangu Saufi akusomee. Hii usimpe mtu. Mkono wangu umekuwa mzito, tangu chuo sijaandika hivi zaidi ya bahasha za harusi, kwa hiyo ukikuta nukta imekosekana unisamehe.

Habari njema kwanza. Mimba imeingia mwezi wa saba. Nesi anasema mtoto ana mapigo mazuri na kichwa kimeanza kuelekea chini. Rahmat amepaka chumba rangi mara mbili kwa sababu ya kwanza aliiona kama ya ofisi ya posta. Kila jioni akirudi kutoka karakana ya treni huniuliza mgongo unaendeleaje, nami humjibu kwamba upo. Ndiyo habari ya mgongo, Mama, na mgongo huu ndio ulionikalisha mezani leo.

Tulipokuja nyumbani kwa Idi ya kuchinja niliandika katika shajara yangu, Jumanne tarehe 18 Juni: “Nimeinama kuokota sinia, mgongo umekaza. Mama amenyoosha mkono, kisha ameurudisha.” Niliandika hayo tu, lakini niliona zaidi. Mkono wako ulikuja mpaka karibu na kiuno changu, nilianza kulisikia joto lake. Kisha ukauvuta, ukaukalia, kama mtu anayekalia ufunguo asiotaka uonekane. Halafu ukaniambia, bila kunitazama, kwamba nikijifungua nitafute mkandaji huku huku Ipoh. Ulisema wapo wanawake wenye vyeti ukutani, wanakanda vizuri siku zote arobaini, na mikono yako wewe imekwisha.

Mama, wewe umewakanda wazazi wa kijiji kizima. Kak Yam ulimfunga tumbo mara saba. Nami, binti yako wa pekee, kwa mimba yangu ya kwanza, nitafute mtu mwenye cheti? Nilijifanya nimekubali. Usiku huo Rahmat aliniuliza kwa nini nalia, nikamwambia ni mgongo.

Sasa nitakueleza jambo, na nitalieleza kwa mpangilio wa tarehe, kwa kuwa nikiliachia moyo litanipotea njiani. Baba alikuwa akinicheka kwamba ningeandika hata tarehe ya kukata kucha. Leo namshukuru kwa kuniachia nifanye hivyo.

Unakumbuka ule mwaka wa goti la Saufi. Alikuwa na miaka ishirini na mmoja na ndiye aliyekuwa mwanzishaji wa timu ya jimbo, yule anayesimama kwa mguu mmoja ndani ya duara na kuupiga mpira wa henzirani juu ya wavu kwa mguu mwingine, kiatu kikipita juu ya kichwa chake. Mguu wa kulia ndio uliosifiwa, lakini wa kushoto ndio uliobeba kazi, na kano iliyo chini ya pia ya goti hilo ilikuwa imemuuma misimu miwili. Uchaguzi wa timu ya taifa ulikuwa umepangwa Julai. Mwalimu Pauzi aliyewafundisha alikwambia hakumwona kijana wa kuanzisha mpira kama Saufi tangu yeye mwenyewe aache kucheza, na wewe ukamjibu kwamba yeye aliacha kucheza kwa sababu ya kitambi.

Chama cha mchezo ndicho kilichompeleka kwa Daktari Hew, kule Kota Bharu, apigwe sindano ya damu yake mwenyewe. Walichagua wiki ile makusudi: Ramadhani hakuna mashindano, basi mguu upumzike pamoja na matumbo. Siku yenyewe ilikuwa Alhamisi, 31 Machi 2022. Twende wote, ulisema, nikaomba ruhusa shuleni nilikokuwa karani.

Nesi alitoa damu mkononi mwa Saufi, akaitia katika mashine izunguke. Uliisikiliza ile mashine ikivuma, ukamuuliza daktari kama damu ya mwanao anaifua au anaikausha. Daktari Hew alicheka mpaka miwani ikateleza. Alikueleza kwamba mashine inazichuja sehemu nzito zikae chini, na juu yanabaki maji ya manjano yenye nguvu ya kuponya; hayo ndiyo atakayoyarudisha penye kano iliyochanika. Ulipoyaona ulisema yanafanana na mafuta ya nazi ya kuchemshwa leo. Saufi akasema, “Mama, usije ukanikaangia kuku nayo.” Kisha sindano ikaingia, na hakusema tena mzaha wowote. Alinishika kifundo cha mkono, na alama za kucha zake nilikuwa nazo siku nne.

Baadaye daktari alitukalisha. Alisema sindano hii haitulizi maumivu, inayaleta. Inawasha moto mdogo ndani ya kano, na moto huo ndio unaouita mwili uje kujenga. Kwa hiyo asiwekewe barafu, asimeze vidonge vyovyote vya kuondoa uvimbe, na asikandwe. Maumivu yakizidi ameze ile dawa nyeupe ya kawaida tu, kila baada ya saa sita. Yote haya kwa wiki nne. Nilipewa karatasi yenye masharti hayo, nikaibandika kwenye friji. Kisha akakugeukia wewe, maana alikwisha kuambiwa kazi yako, akasema kwa upole, “Mama, naomba. Hapa gotini asiguswe mpaka Idi.” Ukaificha mikono nyuma ya mgongo kama mtoto aliyekatazwa sukari, na sote tukacheka, hata Saufi mwenye maumivu.

Ramadhani iliingia Jumapili, tarehe 3 Aprili, siku ya tatu baada ya sindano. Goti lilikuwa limevimba kama shelisheli changa. Nilimwambia Saufi kwamba mgonjwa ana ruhusa ya kula, na Ustadhi alimwambia hivyo hivyo. Hakutaka. Alisema amefunga tangu ana miaka saba, leo ale mchana kwa sababu ya goti? Mwalimu Pauzi akisikia atamtangaza uwanjani kwa kipaza sauti. Wewe jioni ulimwongezea kipande cha samaki, na sote tulielewa.

Basi ile dawa ya kila saa sita ikawa haina nafasi. Alimeza wakati wa daku, na ilipofika saa nne asubuhi ilikwisha nguvu. Kuanzia hapo mpaka magharibi alilala mkekani, uso ukutani, ameuma ncha ya mto. Nawe ulikuwa ukipita karibu yake, mikono umeisokota ndani ya saruni, unaenda jikoni usikokuwa na kazi, unarudi. Sijawahi kukuona umefungwa vile.

Siku zilipita, uvimbe ukashuka, tukafurahi. Ijumaa tarehe 29 Aprili, siku ya ishirini na saba ya mfungo, Saufi aliswali ameketi kwenye kiti cha plastiki kwa kuwa paja na muundi vilikuwa vimekakamaa kama mti. Hapo uvumilivu ulikuishia. Ulishusha chupa yako ya mafuta, ukamkanda paja, ukamkanda muundi, na mwisho dole gumba lako likazunguka chini ya pia ya goti, polepole sana. Ilikuwa kama robo saa. Alilala usingizi kabla hujamaliza. Asubuhi alikwambia, “Mama Som, usimwambie daktari,” kwa sauti ile ya vijana wa timu wanapokuja kwako na vifundo vilivyoteguka, nawe ukampiga kwa kitambaa.

Tarehe 12 Mei tulirudi kliniki. Daktari Hew alipitisha kile chombo cha kupigia picha juu ya goti, akatazama picha, akapitisha tena. Kano ilikuwa vilevile, shimo jeusi la pale ilipochanika halikupungua hata kidogo. Alitutazama sote watatu akauliza mambo mawili kwa mfululizo: je, Saufi alimeza kidonge chochote cha uvimbe? Na je, kuna aliyemkanda? Ukasimama, Mama. Hukungoja. Ulisema, “Ni mimi, daktari. Nilimkanda kabla ya Idi. Uliniambia nisimguse, nikamgusa.” Ukalia pale mbele ya nesi, na daktari akaandika kitu katika faili, akakwambia usijilaumu mno, kwa sauti ya mtu aliyechoka. Njiani kurudi Saufi alifungua dirisha la gari, akalifunga, akalifungua.

Julai alikwenda kwenye uchaguzi hivyo hivyo. Jumamosi tarehe 16, seti ya pili, alipojisimamisha kwa mguu wa kushoto kano ilikatika. Niliisikia kutoka kwenye mabenchi. Ilikuwa sauti kavu, na mpira ulikwenda wenyewe ukapiga wavu. Yaliyofuata unayajua: upasuaji, magongo, miezi ile ya kumsaidia kukaa chooni. Sasa anaziba matairi kwenye gereji ya Tauke Goh, na jioni hukaa juu ya kiti cha mwamuzi, mguu ameunyoosha, akiwahesabia pointi watoto ambao wangekuwa wakimbebea begi.

Ya Mwalimu Pauzi nayo unayajua, ingawa tulijaribu usiyasikie. Alisema kwenye banda la kahawa kwamba dawa mpya ya mji mzima imeshindwa na dole gumba moja la kijijini. Watu walicheka. Sidhani alitaka kukuua, ni mtu wa maneno tu, lakini maneno yalifika nyumbani kabla ya kahawa yake kupoa. Wiki ile kijana wa timu alikuja na kifundo kimevimba. Zamani ungemwambia, “Miguu ya kuku hii ndiyo mnayoitegemea iwapatie kikombe?” na ungemkanda mpaka apige kelele. Safari hii ulisimama mlangoni ukamwambia mikono yako imezeeka. Chupa ukaiweka nyuma ya saa ya ukutani. Mwezi wa Juni mwaka huu niliitazama. Mafuta yameganda na kuwa na ngozi juu.

Miaka miwili na wiki tatu hujamgusa mtu.

Mama, soma hapa taratibu.

Wiki nne za daktari zilianza tarehe 31 Machi. Zilikwisha Alhamisi, tarehe 28 Aprili. Wewe ulimkanda Ijumaa, tarehe 29. Karatasi ya kliniki iliandika wiki nne. Maneno ya “mpaka Idi” daktari alikwambia wewe kwa mdomo ili usipate taabu ya kuhesabu. Hukuvunja sharti lolote. Nilikuwa na shajara mkobani siku ile ulipolia mbele ya nesi. Ningeweza kuifungua na kuisoma kwa sauti, ingechukua muda mfupi kuliko kufunga kiatu. Sikuifungua.

Na sababu ya kutoifungua ni kwamba ingefunguka pia kwenye ukurasa mwingine.

Daktari aliuliza mambo mawili. La pili ulilidaka wewe. La kwanza lilikuwa langu.

Februari ya mwaka ule niling'olewa gego la mwisho, unakumbuka nilivyovimba shavu. Daktari wa meno alinipa vidonge vya kijani, kimoja kwa siku, nguvu yake inakaa mchana kutwa. Vilibaki kumi. Siku ya kwanza ya mfungo nilipomwona Saufi ameuma mto, nilivikumbuka. Nilifikiri: kidonge kimoja wakati wa daku, na mtoto atafunga kwa raha mpaka magharibi. Niliichukua karatasi ya friji nikaipitia. Ilikuwa na majina manne ya dawa zilizokatazwa, na yangu haikuwamo. Nilisoma majina tu, sikuusoma mstari wa juu yake unaosema “vidonge vyovyote vya kuondoa uvimbe.” Hapana, Mama, nisianze tena uongo ndani ya barua ya kuuacha uongo. Niliusoma. Na kwenye pakiti ya vidonge yangu neno uvimbe liliandikwa mara mbili. Nilijiambia kwamba daktari hajui Ramadhani ya nyumba yetu, na kwamba kidonge kimoja hakiwezi kuwa na nguvu kuliko mashine ile yote.

Shajara inasema: “Jumatatu, 4 Aprili. S. kidonge 1, daku. Amefunga bila kulia.” Siku ya pili, kidonge 1. Siku ya tatu, kidonge 1, ameweza kucheka. Nimeyaandika hivyo kila siku mpaka Jumanne tarehe 12. Vidonge tisa. Wewe mwenyewe ulisema uvimbe umeshuka upesi kwa baraka za mwezi, nami nikaitikia amina. Saufi nilimwambia ni dawa ileile ya daktari, ila hii hukaa siku nzima. Hakuuliza, alifungua mdomo kama zamani nilipokuwa nikimlisha. Moto ule ambao daktari aliuwasha kwa sindano, mimi niliuzima siku tisa mfululizo, kila alfajiri, kwa glasi ya maji.

Sikufanya kwa ubaya. Nilifanya kwa sababu sikuweza kumtazama, na sikuweza kukutazama wewe ukimpita na mikono iliyosokotwa. Lakini kukaa kimya kliniki nilikufanya kwa kujua. Ulipokwisha kusimama na kusema “ni mimi,” nilihisi kitu kama ahueni, Mama. Hilo ndilo ninaloliona aibu kuliko vidonge vyote tisa. Nilikaa kwenye kiti changu nikiwa nimepumua.

Nilirudi Ipoh kutoka kwako Juni nikiwa nao moyoni ule mkono wako uliorudi nyuma. Jumatano tarehe 26 nilimpigia simu Daktari Hew, nikamweleza yote, na tarehe. Alisema hakuna awezaye kuapa. Wapo wasiomeza kitu na kano isipone, na wapo wenye bahati. Lakini kama angejua habari ya vidonge siku ile ya Mei, asingemruhusu Saufi kwenda kwenye uchaguzi kabisa. Angeirudia sindano na kumpumzisha mpaka mwaka mwingine. Hilo Saufi alinyang'anywa na ukimya wangu, si na kidonge. Nikamuuliza habari ya kukandwa siku ya ishirini na tisa. Hapo hakusita. Alisema wiki ile yeye mwenyewe angemtuma Saufi kwa mkandaji, na kwamba mwenye kuanza na paja na muundi kabla ya goti ni mtu anayejua kazi. Niliandika maneno yake alipokuwa akiyasema ili nisiyaongezee chochote.

Mwisho aliniuliza kama mama yangu yu hai. Nikamwambia yu hai. Akasema, “Sasa kwa nini unaniambia mimi?”

Wiki tano na nusu nimekuwa nikianza barua hii. Hii ni ya sita. Zile tano zilikuwa na maneno mengi ya kujitetea.

Saufi hajui bado. Jumamosi tarehe 17 nitakuja na Rahmat kwa gari, polepole, nesi ameniruhusu. Nitakwenda kwa Tauke Goh kabla ya kuja nyumbani, nimwambie Saufi mwenyewe, nikiwa nimesimama, yeye akiwa na kazi yake mkononi aweze kunitazama au asinitazame. Tafadhali usimtangulizie. Akitaka kunifukuza mbele ya wateja, ana haki. Nikitoka kwa Saufi nitapita kwenye banda la kahawa. Mwalimu Pauzi huwa hapo kila Jumamosi. Nitamsomea tarehe, zote, mbele ya hao waliocheka, kisha ndipo nije kwako. Ukifunga mlango nitakaa kwenye ngazi mpaka Rahmat anirudishe.

Sikuombi msamaha kwa karatasi, Mama, wala siombi unikande nitakapojifungua. Hayo nilikuwa nayo katika barua ya kwanza na ya pili, nikayafuta, kwa sababu yalikuwa ya faida yangu. Naomba moja tu, tena si kwa ajili yangu. Hasira zote uziweke juu yangu, zinanitosha. Lakini mikono usiiadhibu. Haikukosa. Umeikalia miaka miwili kwa kosa la mwanao. Ukimaliza kusoma, na kama umelia umefuta uso, imwage ile chupa ya nyuma ya saa, mafuta yake yameshakuwa sabuni. Chemsha mapya. Halafu mwite Kak Yam, mkalishe kwenye ngazi, umkande lile bega. Hata kama mimi hutanigusa tena, mguse Kak Yam.

Nisalimie paka, nisalimie mfereji na mti wa rambai kama bado unazaa. Kak Yam mwambie tu nimemuulizia. Saufi usimwambie kitu, ila leo jioni mpe kipande cha samaki kikubwa kuliko chako. Rahmat anakusalimu na kukuombea afya. Yeye ameijua habari hii tangu Juni, na ndiye aliyeninunulia kalamu. Mtoto aliye tumboni bado hajui salamu, lakini anapiga teke kila nikiandika jina lako, mguu wa kushoto au wa kulia sijui.

Naupokea tena mkono wako na kuubusu, kama utaniachia.

Mimi binti yako,
Rosnita binti Deraman